Bakuli Chini ya Birika

Katika nyumba za kale za mawe mjini Lamu, chooni hapakosekani birika: hodhi la mawe lililopakwa chokaa, ambamo maji ya kisima hutiwa na kuchotwa kwa kata. Mgeni akichungulia ndani huona bakuli la kaure, mara nyingi la Kichina, limepachikwa kwenye sakafu ya hodhi. Hudhani ni pambo. Kumbe ni makimbilio. Maji yakipungua, au birika likioshwa, samaki wadogo waliomo hubaki na maji ya bakulini mpaka lijazwe tena.

Samaki hao hawakufugwa kwa kutazamwa. Kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu.

Mkazi wa mtaa wa Langoni, mjini humo, anayetaka kidimbwi uani, ndege wapate kunywa na vyura pa kutagia, hana haja ya kwenda mbali kutafuta fundi wa kumfunza; birika lamtosha. Lakini jirani atamuuliza swali moja, tena la haki: na mbu je?

Lamu ina sababu ya kuuliza. Mwaka 2004 kisiwa kilikumbwa na chikungunya, homa inayoviumiza viungo hata mtu akashindwa kusimama wima. Jina lenyewe ni la Kimakonde, likimaanisha kujikunja, kwa kuwa ugonjwa ulitambuliwa kwanza huko kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Uchunguzi wa damu uliofanywa Oktoba 2004 ulikadiria kwamba watu 75 katika kila 100 kisiwani walikuwa wameambukizwa. Ajabu ni kwamba hapakuwa na mafuriko. Palikuwa na ukame. Watafiti waliona kwamba maji yalipoadimika, watu waliyaweka akiba majumbani katika vyombo ambavyo havikubadilishwa maji mara kwa mara, na humo ndimo anamopenda kutaga mbu aina ya Aedes, yule anayeuma mchana. Katika joto la pwani, yai lake laweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi.

Kwa hiyo wa kuogopwa zaidi ni mtungi uliosahauliwa nyuma ya mlango, ambamo hamna wa kumla kiluwiluwi. Huko Kisii, magharibi mwa Kenya, watafiti waliwatia perege katika mabwawa ya samaki yaliyokuwa yametelekezwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kuwa baada ya wiki 15 viluwiluwi vya mbu wa malaria vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 94.

Kidimbwi cha uani chaweza kuwa kidogo kama mkeka, ila kiwe na kina cha kama nusu mita mahali pamoja, maji yasichemke kwa jua la mchana. Chokaa au saruji mpya huyatia maji alkali kali na kuua samaki. Hodhi lijazwe, likae siku kadhaa, limwagwe, na hivyo tena na tena kabla ya kutia kiumbe. Maji ya mfereji yenye klorini yaachwe wazi siku moja au mbili kwanza. Sabuni isifike kabisa. Upande mmoja uwe na mteremko wa mawe, maana chura, mjusi na hata kifaranga wakitumbukia kwenye kuta zilizonyooka hawatoki. Na penye watoto wadogo, wavu juu yake ni lazima. Mayungiyungi machache hutia kivuli. Majani yaliyooza yaopolewe, lakini si yote kwa siku moja, kwani humo mna wadudu wanaowindana.

Mmoja wa wadudu hao ni kereng'ende. Angali mchanga, anaishi majini na kula viluwiluwi. Akipata mabawa, huwinda mbu hewani. Mwaka 2009 Charles Anderson, mwanabiolojia aliyekuwa akiishi Maldives, alieleza kwamba makundi ya kereng'ende wa rangi ya manjano huvuka bahari kutoka India hadi Afrika Mashariki kwa kufuata pepo za msimu, na kutaga katika madimbwi ya mvua. Ni njia ya majahazi ile ile. Kaskazi ikivuma, mwenye kidimbwi Langoni huenda akawaona wakigusisha mikia majini, wakitaga.