Acha mulimaji atembee, si kamera: kupiga video mkononi na kamera ndogo isiyo na kioo



Kuna kazi moja ambayo hakuna mwalimu aliyetufundisha, lakini wengi wetu tunaifanya mara tu tunapomaliza masomo. Mtu anakuita: "Weye uko na kamera, njoo utupigie video." Leo ni kikundi cha walimaji, kesho ni ONG, kesho kutwa ni ndoa ya binamu. Kamera yenyewe mara nyingi ni ile ndogo ya okazio, aina ya kamera isiyo na kioo ndani, ambayo kwa Kifaransa wanaiita "hybride". Inatoa picha nzuri sana. Lakini ukiishika mkononi na kuanza kupiga video, inakuwa kama imekugeuka.

Mimi ni agronome, si fundi wa video. Ninachoandika hapa nilikijua ju ya kukosea.

Mara ya kwanza nilienda Kabare kupiga somo la mnyauko wa migomba, ule ugonjwa wa bakteria tunaouita BXW. Wanaojua shamba wanauelewa: majani yanageuka manjano na kunyauka, ndizi zinaiva mbele ya wakati, na ukikata shina unaona maji mazito ya manjano yakitoka. Ugonjwa unapita kupitia wadudu wanaotembelea lile ua la dume, ule moyo mwekundu unaoning'inia chini ya mkungu. Unapita pia kupitia panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima. Ndiyo maana tunafundisha kuvunja ule moyo kwa kijiti chenye panda, bila kuugusa na chuma.

Yule mulimaji aliyekuwa anaonyesha alikuwa anajua kazi. Mimi nilimfuata nyuma kwa dakika ishirini, kamera mkononi, bila kusimama. Jioni tukawaonyesha akina mama wa kikundi. Mama mmoja akasema: "Mutoto yangu, hii ni masomo ya migomba ao ni ya mutu mwenye kulewa?" Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha mwingine akauliza: "Sasa ule moyo wa ndizi tunaukata na panga ya namna gani?"

Hapo sikucheka tena. Ile sekunde kijiti kilipoonekana, picha ilikuwa inaruka. Yeye aliona mkono unapanda na kitu kinaanguka, akafikiri ni panga. Video yangu ilikuwa inafundisha kueneza ugonjwa.

KWA NINI INATETEMEKA

Kamera kubwa ya televisheni inakaa begani na iko na uzito. Uzito unakataa kutikisika. Kamera yetu ni nyepesi, na tunaishika mbele ya uso mikono ikiwa imenyooka. Kila pumzi na kila mapigo ya moyo yanafika kwenye picha.

Tena, kuna mitikisiko ya namna mbili. Wa kwanza ni wa kuzunguka: kamera inainama kidogo juu, chini, kushoto, kulia. Wa pili ni wa kupanda na kushuka unapotembea. Stabilizateri ya ndani ya lensi inasaidia zaidi ule wa kwanza. Ile inayosogeza sensa ndani ya kamera inasaidia vizuri kidogo zaidi, lakini kamera nyingi za bei yetu hazina. Na ule wa kutembea, hakuna moja kati yake inayoumaliza.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Video yako mwishoni inapita kwenye WhatsApp. Ili faili iwe ndogo, simu haihifadhi kila picha nzima. Inahifadhi zaidi kile kilichobadilika kati ya picha moja na inayofuata. Kama kamera imetulia, kinachobadilika ni mikono ya mulimaji tu, na mikono inabaki safi. Kama kamera inaruka, kila jani na kila jiwe vinabadilika, nafasi haitoshi, na picha yote inavunjika vipande vya miraba. Kwa hiyo kutetemeka kunaharibu mara mbili: pale shambani, na tena pale unapotuma.

MWILI WAKO NI TREPIE

Kama uko na trepie, itumie. Kama huna, anza na mwili. Viwiko vyote viwili vibane mbavu. Mkanda wa kamera uvae shingoni, kisha sukuma kamera mbele mpaka mkanda ukazane: sasa kamera inashikwa na mikono miwili na shingo. Fungua miguu kidogo, legeza magoti. Toa pumzi polepole ndipo uanze kurekodi. Piga sekunde nane ao kumi, simama.

Njia ya pili ni kamba. Chini ya kamera kuna tundu la skrubu ya trepie, karibu kamera zote ni inchi 1/4. Tafuta skrubu ya kipimo hicho, fupi, isiingie kwa nguvu. Funga kamba kwenye kichwa chake, kanyaga ncha ya pili chini ya kiatu, kisha vuta kamera juu mpaka kamba ikazane. Ule mtikisiko wa juu na chini unapungua sana.

Njia ya tatu ni mfuko mdogo wenye maharagwe ao mchanga. Uweke juu ya jiwe, juu ya kiti, juu ya mfuko wa mbolea, kisha laza kamera juu yake. Na angalisho moja kwa ma-agronome wenzangu: usiegemee shina la mgomba. Shina linatikisika na upepo, na kama ni gonjwa unajipaka maji yake na kuyapeleka kwa shamba la jirani.

SOGEA KARIBU, USIVUTE KWA ZUM

Zum inavuta mkono wa mulimaji karibu, lakini inavuta pia mtikisiko wako. Kwa lensi ya kawaida inayokuja na kamera, weka kwenye 18 mm, kisha enda karibu na miguu yako mwenyewe. Kutetemeka kulekule kunaonekana kidogo zaidi.

Hiyo 18 mm iko na faida nyingine kwa fokasi. Kamera nyingi za zamani, ukiziacha zitafute fokasi zenyewe wakati wa video, zinapotea: zinashika jani la nyuma, zinarudi kwa mkono, zinapotea tena. Weka fokasi ya mkono. Kwa sensa ya ukubwa wa APS-C, kwenye 18 mm na f/8, ukiweka fokasi kwenye mita 2, kila kitu kuanzia karibu mita 1 mpaka mbali kinaonekana safi. Hautagusa fokasi tena asubuhi yote. Ukitaka kuonyesha yale maji ya manjano kwa karibu zaidi ya hapo, hicho ni kipande kingine: simamisha, panga fokasi upya, anza.

MIGOMBA INAYOLALA

Umekwisha kuona video ambamo mtu anageuza kamera haraka na miti yote inalala upande? Sensa haisomi picha yote kwa mara moja. Inaisoma mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini, na kwa kamera za bei ndogo kazi hiyo inaweza kuchukua karibu 1/30 ya sekunde. Ukigeuka haraka, mistari ya juu imesomwa kamera ikiwa hapa, na ya chini kamera ikiwa imefika pale. Shina lililosimama linatoka limeinama, na mtikisiko mdogo unafanya picha icheze kama maji ndani ya beseni.

Programu za kutuliza picha kwenye kompyuta haziondoi jambo hilo vizuri. Zinakata pia kingo za picha, kwa hiyo usiweke kitu cha lazima pembeni kabisa. Dawa ni moja: usigeuze kamera. Ukitaka kuonyesha shamba lote, piga kipande cha kushoto, simama, piga cha kulia.

JUA NA TAA

Vitabu vinasema: kwa picha 25 kwa sekunde, shuta iwe 1/50, ili mwendo uonekane laini. Ni kweli, lakini saa sita mchana, na ISO 100, 1/50 inadai ufunge lensi mpaka karibu f/22, na hapo picha inapoteza usafi. Wenye pesa wanaweka filta nyeusi mbele ya lensi. Asiye nayo apige asubuhi mapema, ao apandishe shuta mpaka 1/200. Mwendo utakuwa mkavu kidogo, lakini kwa somo la shambani si kosa: kijiti kinaonekana wazi zaidi. Na kama utatuliza video kwenye kompyuta, shuta ya haraka inasaidia, ju kila picha inakuwa safi bila ukungu wa mtikisiko.

Ndani ya nyumba chini ya taa, rudi kwenye 1/50 ao 1/100. Umeme wetu ni wa hertzi 50, na kasi nyingine zinaweza kuleta mistari inayopita kwenye picha.

DAKIKA 29, JOTO NA BATRI

Kamera nyingi za aina hii zinajizima kwenye dakika 29 na sekunde 59. Si ugonjwa. Forodha ya Ulaya ilikuwa inahesabu kifaa kinachorekodi dakika 30 ao zaidi kama kamera ya video, na ushuru wake ulikuwa juu zaidi, kwa hiyo watengenezaji wakasimamia pale.

Joto ni jambo lingine. Mwili ni mdogo, hauna feni. Fungua skrini itoke mgongoni mwa kamera kama inaweza, iweke kivulini kati ya vipande, mtu akushikie mwavuli. Batri pia ni ndogo. Beba mbili ao tatu, na zima kamera unapoongea na watu.

Ukipiga vipande vifupi, haya yote matatu yanakuwa madogo. Mfano ni yale maji ya manjano: baada ya kukata shina unangoja dakika chache mbele hayajatoka. Usirekodi kungoja kwote. Laza kamera kwenye mfuko wa maharagwe, rekodi kukata, simamisha bila kuisogeza, rekodi tena yanapoanza kutoka. Mtazamaji ataona shina lilelile, pahali palepale, na ataamini.

SAUTI

Maikro ya ndani inasikia upepo, vidole vyako na injini ya lensi. Kama kamera haina tundu la maikro, chukua simu, chomeka ekutere zenye maikro, weka simu kwenye mfuko wa shati la mulimaji na ipachike maikro karibu na kifua. Anzisha simu, anzisha kamera, piga makofi mara moja mbele ya lensi. Kwenye kompyuta, utalinganisha ule mlio na picha ya mikono inapokutana. Ukipiga vipande vingi, piga makofi kila unapoanza.

TULIRUDI NAMNA GANI

Mara ya pili sikumfuata mulimaji. Tulikaa kwanza chini, tukaandika somo kwenye karatasi: majani, ndizi iliyoiva vibaya, kukata shina gonjwa karibu na udongo, maji ya manjano, kupitisha panga motoni, kijiti chenye panda, kuvunja moyo. Kila jambo, vipande viwili: kimoja cha mbali ili ujue tuko wapi, kimoja cha karibu ili uone mikono. Mulimaji alikuwa anaingia ndani ya picha na kutoka. Mimi nilibaki pahali pangu. Kijiti nilikipa kipande chake peke yake: kimeshikwa mbele ya anga, sekunde kumi, bila kitu kingine.

Kamera ilikuwa ileile. Haikuwa imepata stabilizateri usiku. Niliacha tu kuidai kazi isiyoiweza, kutembea, nikaipa ile inayoiweza: kuangalia kitu kimoja kwa utulivu. Na kumbe hicho ndicho mwenye kujifunza anahitaji. Hahitaji kuhisi kwamba yuko mbioni shambani. Anahitaji kuona kitu gani kiko mkononi.

Video ilitoka na dakika sita. Tuliionyesha kwa kikundi kilekile. Yule mama wa panga aliangalia mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kijiti kinapaswa kuwa kirefu namna gani ili kifike juu?" Tulitoka wote nje kwenda kukitafuta.

Basi, ndugu mwenye kamera ndogo, usingoje ile kubwa ndipo uanze. Andika vipande vyako kwenye karatasi, bana viwiko, toa pumzi, piga sekunde kumi.

Tuko pamoja.