Baiskeli ya Mti na Baiskeli ya Kahawa

Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza barani Afrika. Lakini vijijini mwetu baiskeli hupimwa kwa mzigo.

Wapo wanaosifu igicugutu, ambacho Goma huitwa chukudu. Ni cha mti, hakina pedali wala mnyororo. Breki yake ni kipande cha tairi. Huundwa na kutengenezwa papo hapo kijijini.

Wengine huipenda baiskeli ya kahawa, yenye gia na keria ndefu, iliyobuniwa na Mmarekani Tom Ritchey baada ya kuzuru Rwanda mwaka 2005. Hoja yao ni nzito: kahawa mbichi ikichelewa kufika kiwandani huchacha, na jasho la familia hupotea.

Uchague ipi? Tazama njia yako. Ila kwa zote mbili, mzigo usiishinde breki.