Flashi imejaa njia za mkato? Usikubali iformatiwe kabla hujasoma haya

Katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa ametoka kijijini alfajiri kwa bodaboda. Anakwenda mjini kuchapisha katiba ya kikundi na mihtasari ya vikao, kwa sababu karatasi hizo zinatakiwa halmashauri siku hiyo hiyo. Steshenari ya kwanza inachapisha ukurasa mmoja, kisha umeme unakatika. Anakwenda steshenari ya pili. Flashi inapofunguliwa, kila folda ina mshale mdogo kwenye kona, na mafaili mengine hayaonekani kabisa. Kijana wa dukani anatikisa kichwa: “Imeingia virusi, mama. Hii dawa yake ni kuiformati tu.”

Wasikilizaji wengi mnalijua tukio hili. Limewakuta walimu wenye mitihani, vijana wenye barua za kuomba kazi, na makarani wa vyama vya ushirika. Kuformati maana yake ni kuifuta flashi yote ianze upya, na kumbukumbu za miaka mitatu zinaweza kwenda kwa kubofya mara moja. Tunataka ujue jambo moja kabla hujakubali: mara nyingi mafaili hayo hayajaondoka. Yamo ndani ya flashi. Yamefichwa tu.

Kimetokea nini?

Kompyuta inayotumia Windows inaweza kuliwekea faili alama ya kusema “hili lisionyeshwe”. Alama hiyo iliwekwa kwa nia njema, ili mtumiaji asifute kwa bahati mbaya mafaili ambayo kompyuta yenyewe inayahitaji. Watengenezaji wa virusi wakaigeuza kuwa silaha.

Kirusi kikiingia kwenye flashi, huyawekea mafaili yako alama hiyo, au huyahamishia kwenye folda iliyofichwa ambayo haina hata jina. Halafu, mahali pa kila folda, huweka njia ya mkato yenye jina lile lile. Mafundi huiita shotikati. Ukiibofya, inafanya mambo mawili kwa pamoja: inawasha kirusi, kisha inakufungulia folda yako ya kweli. Wewe unaona kazi zako ziko salama, kumbe kompyuta hiyo imeshaambukizwa, na flashi itakayofuata itapata ugonjwa huo huo.

Ndiyo maana watu wengi hawajui waliambukizwa duka gani. Hawakuona kitu chochote kibaya siku hiyo.

Kwa nini flashi?

Zamani Windows ilikuwa inawasha yenyewe programu iliyomo kwenye kitu kilichochomekwa, bila mtu kubofya. Virusi vilipita hapo. Kirusi kilichoitwa Conficker, kilichogunduliwa mwaka 2008, kiliambukiza mamilioni ya kompyuta duniani, na flashi zilikuwa mojawapo ya njia zake. Kampuni ya Microsoft iliufunga mlango huo kwa upande wa flashi katika Windows 7 iliyotoka mwaka 2009, na mwaka 2011 ikatoa marekebisho kwa matoleo ya zamani zaidi. Mlango ulipofungwa, virusi vikahitaji mtu wa kuvifungulia. Hapo ndipo njia ya mkato inapofanya kazi: inakudanganya ubofye mwenyewe.

Huku kwetu tatizo linadumu kwa sababu ya mzunguko. Steshenari moja inaweza kupokea flashi nyingi kwa siku. Programu ya kuzuia virusi inahitaji kusasishwa mara kwa mara, na kusasisha kunakula bando ambalo mwenye duka analinunua kwa fedha yake. Kompyuta nyingine bado zina Windows 7, ambayo iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama Januari 2020. Kwa hiyo tusikimbilie kumlaumu kijana wa dukani. Naye kompyuta yake imeambukizwa na wateja.

Simu yako inaweza kuokoa mafaili

Virusi hivi vimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Kwenye simu ya Android haviwezi kuwaka. Jambo la pili ni zuri zaidi: Android kwa kawaida haiijali ile alama ya kuficha ya Windows. Kile ambacho kompyuta haikuonyeshi, simu inakuonyesha.

Unachohitaji ni kiunganishi cha OTG, kile kidogo kinachowekwa kati ya simu na flashi. Simu yako lazima iwe inakikubali, na baadhi ya simu zinataka uiwashe OTG kwanza kwenye mipangilio. Kisha fuata hatua hizi:

1. Chomeka flashi kwenye simu, ufungue programu ya mafaili.
2. Tafuta folda zako. Ukikuta folda isiyo na jina, ifungue. Mara nyingi mafaili yamo humo.
3. Nakili kwenye simu kazi zako tu: nyaraka, picha, mahesabu. Mafaili ambayo majina yake yanaishia na lnk, vbs, js au exe yaache hapo hapo.
4. Fungua nyaraka mbili tatu kwenye simu uhakikishe zinasomeka.

Ukishamaliza hayo, flashi inaweza kuformatiwa bila hasara. Kama simu inakataa kuisoma flashi, usikubali pale inapokuuliza kama iiformati. Inawezekana flashi ilitengenezwa kwa mpangilio ambao simu yako haiujui. Ichomoe, utumie njia ya kompyuta.

Njia ya kompyuta

Tafuta kompyuta yenye programu ya kuzuia virusi iliyosasishwa. Usibofye chochote ndani ya flashi. Kwanza bofya jina la flashi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua “Properties”, uangalie nafasi iliyotumika. Kama flashi inaonekana tupu lakini nafasi kubwa imetumika, mali yako imo.

Pili, iache programu ya kuzuia virusi iipekue flashi. Hapa watu wengi huvunjika moyo. Programu inaondoa kirusi na zile njia za mkato, kisha flashi inabaki nyeupe kabisa. Mtu anasema, “Imekula mafaili yangu!” Haijayala. Imeua kirusi, lakini haikuiondoa ile alama ya kuficha.

Alama hiyo inaondolewa kwa amri moja. Mwonyeshe fundi mstari huu kwenye simu yako, auandike kwenye dirisha la amri la Windows, yaani cmd:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Herufi E ibadilishwe iwe herufi ambayo kompyuta hiyo imeipa flashi yako. Amri hii haifuti kitu. Inaondoa alama tu, na mafaili yanaonekana tena. Hakikisha kompyuta yenyewe imesafishwa kwanza, kwa sababu kama kirusi bado kimo kwenye kompyuta, kitayaficha tena mafaili muda huo huo.

Imeshaformatiwa, je?

Bado kuna nafasi. Kuformati kwa haraka hufuta orodha ya yaliyomo, lakini mafaili yenyewe yanaweza kubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo usiweke wimbo, picha wala faili jipya kwenye flashi hiyo. Itunze, umpelekee fundi anayejua programu za kurudisha mafaili, kama PhotoRec, ambayo ni ya bure. Huenda majina ya mafaili yasirudi, na mengine yakawa yameharibika, lakini kurudi na nusu ni bora kuliko kurudi mikono mitupu.

Kabla ya safari inayofuata

Flashi ni ya kubebea, siyo ghala. Kazi ya kikundi ikae angalau mahali pawili: kwa mfano kwenye simu ya katibu na kwenye simu ya mweka hazina. Siku ya kwenda kuchapisha, weka kwenye flashi nakala ya kile unachokwenda kuchapisha, basi. Ikiambukizwa, umepoteza nakala tu.

Au iache flashi nyumbani. Geuza nyaraka iwe PDF, uitume kwa barua pepe au WhatsApp ukiwa pale dukani. Nyaraka ya kurasa chache yenye maandishi matupu haili bando kubwa. Lakini kumbuka kwamba nakala inabaki kwenye kompyuta au simu ya mwenye duka. Kama ni mtihani wa shule au orodha ya wanachama yenye namba zao za simu, simama hapo hapo mpaka ifutwe mbele yako, pamoja na kwenye kile kikapu cha takataka cha kompyuta.

Na ukiambiwa dawa ni kuformati, jibu kwa upole: “Subiri kwanza kaka, niangalie kwenye simu.” Kijana hatakasirika. Huenda ukamfundisha jambo litakalomsaidia mteja wa baada yako.