Jiko Litamlisha Mwenyewe Akizeeka?

Mama lishe wa Dar es Salaam akiulizwa atakula nini akifika miaka 60, mara nyingi atakuonyesha jiko lake. Biashara ndiyo pensheni yake. Mfanyakazi wa ofisini hukatwa mchango kila mwezi na mwajiri huongeza wake. Mama lishe hana wa kumkata wala wa kumwongezea. Kwa hiyo ni haki yake kujua mapema jiko hilo litampa shilingi ngapi siku miguu itakapokataa kusimama tangu alfajiri.

Jibu hupatikana kwa makadirio ya mtiririko wa fedha: kuandika, mwezi kwa mwezi, fedha zinazotarajiwa kuingia na zitakazotoka, kabla ya mwezi wenyewe kufika. Hesabu hii haijali faida ya kwenye daftari. Sahani ya wali iliyoliwa kwa mkopo ni mauzo, lakini haiwezi kulipa kodi ya pango.

Tuchukue mgahawa wa kubuni pale Buguruni, wa mama mwenye miaka 50. Anauza Sh 150,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: Sh 3,900,000. Vyakula na mkaa vinachukua Sh 2,340,000. Pango, wasaidizi wawili, umeme, maji, kodi ya mapato na ada nyingine ni Sh 860,000. Zinabaki Sh 700,000, na hizo ndizo anazozihesabu kuwa uzee wake.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Hizo Sh 700,000 zimebeba jasho lake mwenyewe, ambalo hajilipi. Akistaafu itabidi aajiri mtu wa kununua, kuonja na kushika fedha. Kwa mshahara wa Sh 350,000, nusu ya kipato imeshaondoka.

Kisha kuna miezi mibaya. Mauzo yakishuka kwa nusu katika mwezi wa Ramadhani, vyakula na mkaa hupungua kwa kiasi hicho, lakini pango na mishahara havishuki, na mgahawa unakula hasara ya Sh 430,000. Masika nayo, wateja wakipungua kwa asilimia 20 kwa miezi miwili, kila mwezi unabakiza Sh 38,000 tu. Ukijumlisha mwaka mzima na kutoa Sh 360,000 za friji, sufuria na majiko yanayochakaa, mstaafu anabaki na wastani wa Sh 203,000 kwa mwezi. Si 700,000.

Akihitaji Sh 450,000 za matumizi, bila ada za shule, kuna pengo la Sh 247,000 kila mwezi. Na hizo ni bei za leo. Bei zikipanda kwa asilimia 4 tu kila mwaka, baada ya miaka kumi pengo hilohilo litakuwa kama Sh 366,000. Wanaokumbuka Desemba 2011, mfumuko wa bei Tanzania ulipofika asilimia 19.8, wanajua kwamba hata hiyo asilimia 4 ni makadirio ya upole.

Akianza leo kuweka Sh 150,000 kwa mwezi, atakuwa na Sh milioni 18 akifika 60, bila kuhesabu riba. Kwa bei za leo, hizo huziba pengo kwa miaka sita hivi. Ndiyo maana fedha hizo hazifai kulala kwenye kibubu: zinahitaji kuzaa, iwe kwenye hati fungani za serikali au mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama ile ya UTT AMIS. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, nao hupokea waliojiajiri, ila pensheni yake ya uzee humtaka mwanachama awe amechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15. Anayeanza akiwa na miaka 50 akitaka kuacha kazi akiwa na 60 atafikisha miezi 120 tu. Mwenye miaka 40 anayesoma makala haya bado ana nafasi.

Kenya walijaribu kuufuata mfuko wa mfanyabiashara jinsi ulivyo: Mbao Pension Plan, ulioanzishwa mwaka 2011 kwa ajili ya jua kali, yaani wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi, ulipokea Sh 20 za Kenya kwa siku. Anayepata fedha kila siku achangie kila siku. Huo ni uamuzi wenye akili. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii mwaka 2016 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa Sh 20,000 kwa mwezi. Ulikuwa msaada wa heshima, lakini kiasi hicho cha mwanzo kisingeziba hata sehemu ya kumi ya pengo la mama wa Buguruni.

Kuegemea kibanda peke yake pia ni hatari. Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua; Januari 2022 likafuata la Karume. Mwenye akiba nje ya soko alikuwa na pa kuanzia.

Mwenye biashara ndogo anayetaka kuujua uzee wake aandike mauzo na matumizi ya kila siku kwa miezi 12, Ramadhani na masika zikiwemo, kisha atoe mshahara wa atakayemrithi jikoni. Kinachobaki baada ya hapo ndiyo pensheni yake ya kweli, na aanze kuiongeza mwezi huohuo anapoiona.