Sura ya Nne: Upande Uliofungwa

Katika michezo yote ichezwayo uwanjani baina ya makundi mawili, ni michache mno ambayo humnyima mchezaji miguu yake pale pale akipatapo kile alichokuwa akikikimbilia. Na mchezo wa frisbi ya timu, ambao wenyewe huuita Altimeti, ni mmojawapo. Mchezaji akishadaka kisahani hana ruhusa ya kutembea nacho. Sharti asimame upesi awezavyo, aukite mguu mmoja ardhini, azunguke juu yake apendavyo, na kabla mpinzani aliye mbele yake hajatamka kumi katika hesabu ihesabiwayo kwa sauti, awe amekwisha kumrushia mwenziwe. Akichelewa, au kisahani kikianguka, kikatoka nje, au kikanaswa, wapinzani hukitwaa papo hapo nao wakaanza kushambulia. Kwa kanuni hiyo moja ndipo zilipozaliwa tadbiri zote zitakazoelezwa katika sura hii, na mkufunzi aliyeifahamu kwa undani hatakuwa na haja ya kuwakaririsha wachezaji wake michoro ishirini.

Waanzilishi wenyewe hawakuifikia kanuni hiyo siku ya kwanza. Mwaka 1968, huko Maplewood katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, mwanafunzi aitwaye Joel Silver alilipelekea baraza la wanafunzi wa Columbia High School shauri la kuuanzisha mchezo huu, na baadaye yeye na wenziwe Buzzy Hellring na Jon Hines wakaziandika kanuni zake. Katika majaribio yao ya awali, yaliyofuata mfano wa mpira wa miguu wa Kimarekani, mtu aliruhusiwa kukimbia na kisahani mkononi. Lakini walipokwisha kucheza na kupima, katika maegesho ya magari ya shule, usiku chini ya taa, waliiondoa ruhusa ile, na hapo ndipo mchezo ulipopata roho yake. Tarehe 6 Novemba 1972 vyuo vya Rutgers na Princeton vilikutana katika pambano la kwanza la vyuo vikuu, Rutgers wakashinda kwa 29 dhidi ya 27. Shirikisho la dunia, liitwalo WFDF, likaundwa mwaka 1985. Na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikalitambua kikamilifu mwaka 2015. Leo kuna timu hata Nairobi na Kampala, nazo hucheza kwa kanuni zile zile.

Sasa na tuutazame uwanja kwa jicho la mlinzi. Urefu wake ni mita 100 na upana wake mita 37, na katika kila mwisho umo ukanda wa goli wenye kina cha mita 18, ambamo mshambuliaji akidaka kisahani timu yake hupata pointi. Kila upande una watu saba, na kila mlinzi aghalabu hupewa mtu wake mmoja wa kumkaba. Lakini mshambuliaji anajua aendako na mlinzi hajui. Kwa hiyo mlinzi aliyepewa kumzuia mtu katika upana wote wa mita 37, awe mwepesi kama upepo, atapitwa, kwani daima atakuwa nyuma kwa ile hatua moja aliyoipoteza katika kungojea. Hapana nguvu za miguu ziwezazo kuitibu kasoro hiyo. Tiba yake ni mapatano: walinzi saba huafikiana kabla kisahani hakijaruka kwamba nusu moja ya uwanja itafungwa na mtu mmoja tu, yule asimamaye mbele ya mrushaji, na kwamba wale sita waliosalia watailinda nusu ya pili peke yake.

Wavuvi wa pwani wajengao uzio wa miti katika maji mafupi wanaifahamu hekima hii, kwa kuwa uzio wenyewe haumkamati samaki hata mmoja; kazi yake ni kumzuia asipite huku, ili aende kule ambako mtego umekwisha kutegwa. Mkabaji wa mrushaji ni uzio, si mtego. Mkabaji anayetamani kukipiga kisahani kila kirushwapo, akaruka kushoto na kulia kufuata kila hila ya mkono, ameiacha kazi yake, na ameivunja ahadi aliyowapa wenziwe sita ambao wamesimama upande wazi kwa kumwamini yeye.

Ni upande gani ufungwe? Mrushaji wa mkono wa kulia aliyelielekea goli ana mirusho miwili mikuu: ule wa kuukunjua mkono kutoka upande wake wa kushoto, ambao karibu kila mtu huujua tangu utotoni, na ule wa vidole viwili kutoka upande wa kulia, ambao huhitaji kifundo chepesi na mazoezi ya siku nyingi. Kwa sababu hiyo wakufunzi wengi huamuru upande wa kushoto ufungwe, ili mpinzani alazimike kuutumia mrusho ulio dhaifu zaidi kwake. Lakini upepo una sauti yake katika shauri hili, na timu ifanyayo mazoezi pwani wakati wa kusi itaona upesi kwamba upepo uvumao kukatiza uwanja hubadili hesabu yote. Hapo hekima ni kuwasukuma wapinzani kwenye mstari wa pembeni ambako upepo unaelekea, ili kila wakitaka kukirudisha kisahani katikati wakirushe kwa kushindana nao.

Zoezi la kwanza, ambalo mimi nasadiki ndilo mama wa mazoezi yote ya mchezo huu, lahitaji watu watatu na kisahani kimoja. Mrushaji husimama mahali pamoja, mpokeaji husimama mita 10 hadi 15 mbele yake, na mkabaji huingia baina yao karibu na mrushaji. Mkabaji hufunga upande mmoja na kuanza kuhesabu. Mrushaji hujitahidi kukipitisha kisahani kwenye upande ule ule uliofungwa. Kisha hukimbia kukifuata, akawa mkabaji wa yule aliyedaka, ilhali mkabaji wa kwanza hubaki alipo na kuwa mpokeaji wa zamu ijayo. Hivyo huzunguka bila kukoma, na kila mmoja hupitia nafasi zote tatu kabla hajapata wasaa wa kuchoka na mojawapo.

Mkufunzi na asimame karibu, atazame miguu kabla ya mikono. Mkabaji mwema hukunja magoti, huinamisha kiuno, hulemea nyayo za mbele, na mikono yake huitandaza chini na kwa upana, kwa sababu mirusho mingi ya kuvunja ulinzi hupita chini ya kiwiko kuliko juu ya kichwa. Macho yake hukaa kifuani na kiunoni mwa mrushaji, kwani mkono waweza kudanganya mara tatu kwa pumzi moja, na kiuno si chepesi cha kudanganya. Husogea kwa hatua fupi za ubavu bila kupishanisha miguu, na mrushaji akijifanya kurusha upande wazi, yeye hatikisiki, maana upande huo si wake. Naye asimsogelee mno, kwa kuwa kanuni yataka pawepo nafasi isiyopungua kipenyo cha kisahani baina yake na kiwiliwili cha mrushaji.

Mrushaji, kwa upande wake, ana njia mbili za kuupita uzio. Ya kwanza ni ya kuzunguka: hupiga hatua ndefu kwenda pembeni, akanyoosha mkono mbali na mwili, akakiachia kisahani kikiwa kimeinama kiasi cha kutoka nje kisha kurejea ndani; mrusho huo huchelewa kidogo hewani, lakini humwekea mpokeaji nafasi pana. Ya pili ni ya kupenya: humvuta mkabaji kwa hila ya kuzunguka, na mara pengo linapofunguka baina ya mkono wa mkabaji na mwili wake, hukipitisha kisahani humo kwa haraka, kikiwa bapa na chenye mzunguko mwingi, kikaenda mbele zaidi kuelekea goli. Anayeijua njia moja tu atafungwa na mkabaji yeyote mwenye subira. Anayezijua zote mbili humlazimisha mkabaji kuchagua.

Kasoro kubwa ya zoezi hili ni pupa. Wachezaji wapya hurusha kabla mkabaji hajafika, wakafurahi kwa kuwa kisahani kimedakwa, na hawajajifunza lolote. Basi mkufunzi na aweke sharti kwamba hakuna ruhusa ya kurusha mpaka itamkwe tatu, na kwamba mpokeaji asingojee kama nguzo, bali akiendee kisahani kwa hatua zake mwenyewe, kwa kuwa kisahani kilichosubiriwa ndicho kinaswacho.

Wakishalimudu hilo, yafaa sasa kuwafundisha washambuliaji namna ya kuipata nafasi. Mpango ulio rahisi kuufundisha ni ule wa safu ya katikati: wachezaji watano hujipanga mstari mmoja katikati ya uwanja, kuelekea goli, na wawili hubaki nyuma, mmoja ana kisahani na mwingine ni msaidizi wake. Maana ya safu hiyo ni kuyaacha wazi maeneo yote mawili ya pembeni. Mmoja huchomoka kuelekea upande wazi. Asipopewa, hurejea upesi katika safu ili kumwachia mwenziwe nafasi ile ile. Hapa pana adili ambalo wachezaji hulikubali kwa shida: kuondoka mahali ni kazi ya timu sawasawa na kudaka. Mchezaji akawiaye katika nafasi aliyonyimwa humletea mwenziwe walinzi wawili badala ya mmoja.

Na hesabu ikifika sita bila mtu kupatikana mbele, sharti mrushaji ageuze mabega yake yote amtazame msaidizi aliye nyuma au ubavuni. Hili ndilo zoezi la pili, nalo lifanywe kwenye mstari wa pembeni, mahali ambapo timu nyingi hufia: mrushaji, mkabaji wake, msaidizi na mlinzi wa msaidizi. Mkabaji huanza hesabu yake kwenye tano, ili wote wauzoee uchache wa wakati. Msaidizi hungojea hadi macho ya mwenziwe yamfikie, kisha huchagua njia moja, ama kupanda kandokando ya mstari ama kurudi nyuma, na huiendea kwa nguvu zake zote bila kusitasita katikati. Akishapokea, asisimame kutafakari, bali akipeleke kisahani upande wa pili wa uwanja. Kwani walinzi waliosimama baina ya watu wao na upande wazi, ghafla watajikuta nyuma ya watu hao, na ule upande uliofungwa utakuwa umefunguka bila mrusho wowote wa ajabu. Mapatano ya walinzi saba huvunjwa vema kwa mirusho miwili mifupi na ya upesi.

Walinzi nao wana hila ya kujibu, hasa siku ya upepo mkali, nayo ni kuacha kumkaba mtu na badala yake kulinda eneo. Watatu humzunguka mrushaji kwa umbo la kikombe. Mmoja kati yao ndiye mkabaji, na wale wawili wengine, maadamu hawamlindi mtu mwingine, hawaruhusiwi kumkaribia mrushaji ndani ya mita tatu. Dawa ya kikombe ni subira: kisahani kipelekwe huku na huko kwa mirusho mifupi mpaka miguu ya watatu wale ichoke na mwanya utokee.

Imebaki nguzo moja ambayo bila yake yote yaliyotangulia hayana maana. Mchezo huu hauna mwamuzi, hata katika mashindano ya dunia. Mchezaji aliyedhulumiwa husema mwenyewe, na aliyedhulumu huulizwa kama anakubali au anakataa. Mkabaji akihesabu kwa haraka isiyo haki, mrushaji humwambia, naye sharti aipunguze hesabu yake kwa moja kisha aendelee. Baada ya kila mchezo, timu hupeana alama kuanzia sifuri hadi nne katika mambo matano: kuzijua kanuni na kuzitumia, kuepuka madhambi na kugusana, insafu, moyo mwema na kujizuia, na namna ya kusemezana. Kwa hiyo mkufunzi asiyasimamishe mazoezi kila penye mzozo ili atoe hukumu yeye. Awaache wachezaji wenyewe waseme, waafikiane, waendelee. Maana mchezaji ambaye hakuzoea kusema kweli katika zoezi la Jumanne hataiona kweli katika fainali, akiwa amechoka na pointi moja imebaki.

Ratiba ya jioni moja, basi, yaweza kuwa hivi: zoezi la watatu kwanza, wakati miguu ingali mipya, la kurudisha kisahani pembeni likifuata, na mwisho mchezo kamili wa saba kwa saba, ambamo kila mrusho unaopita upande uliofungwa na kudakwa huhesabiwa kuwa pointi sawa na goli. Mkufunzi atakayeshika mwendo huo kwa muda wa kutosha atayaona matunda yake katika jambo moja lililo dhahiri: mkabaji atakapotangaza upande anaoufunga, wenziwe sita watasogea kwa pamoja bila kuambiwa, na mrushaji wa timu ya pili naye, kabla ya kutazama mbele, atakuwa amekwisha kuupima upande ule ambao wamekubaliana kumnyima. Timu iliyofika hapo iko tayari kufundishwa mengine yote.