Unataka Kazi, au Unamtaka Mwajiri?

Ndugu msomaji, katika shughuli zangu za utangazaji huku mpakani nakutana na vijana wengi, na swali lao huwa ni moja: "Wapi wanaajiri?" Ni nadra kumsikia anayeuliza, "Hivi mimi hasa nataka kufanya nini?" Siwalaumu, maana mwenye njaa hachagui. Lakini yaliyotokea katika wilaya zetu za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, yanatufundisha kuwa anayejibu swali la kwanza bila kuligusa la pili huja kujuta.

Kwa walio mbali, Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Tarehe 28 na 29 Aprili, 1994, wakati wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda, inakadiriwa kuwa watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia kwetu kwa muda wa saa 24. Porini pale Benaco pakageuka mji. Mashirika ya misaada yakamiminika, nayo yakahitaji madereva, wauguzi, walimu, makarani, watunza ghala na walinzi.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Walimu na wahudumu wa afya waliacha vituo vya serikali wakaenda kambini, ambako mshahara ulikuwa mnono zaidi. Nani angekataa? Lakini Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirejeshwa kwao. Warundi walibaki, mpaka kambi ya Lukole nayo ilipofungwa mwaka 2008. Kila kambi ilipofungwa, ajira nazo zilifungasha virago. Wahenga walisema, ngoma ivumayo haidumu.

Hapo ndipo tofauti ilipoonekana. Aliyeingia kambini kwa kuwa anapenda kuuguza alitoka akiwa muuguzi mwenye uzoefu mkubwa zaidi, na wagonjwa wako kila mahali. Fundi magari alitoka na ufundi wake. Lakini aliyevutiwa na gari jeupe lenye bendera ubavuni, redio ya upepo mkononi na kitambulisho kifuani, alibaki na kitambulisho kisichofungua mlango wowote. Wote walikuwa wamepata mwajiri, ila si wote waliokuwa wamepata kazi.

Majirani zetu wa Biharamulo nao wanalijua jambo hili. Mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulianza uzalishaji mwaka 2005. Miaka minane tu baadaye, mwaka 2013, mwekezaji akawa anaondoka, na mgodi ukachukuliwa na shirika la madini la taifa, STAMICO. Na huku Ngara, tangu serikali ilipotia saini mkataba wa nikeli ya Kabanga Januari 2021, vijana wengi wameelekeza macho huko. Ni jambo jema. Lakini madini nayo huisha, na mwekezaji huwa na hesabu zake.

Je, mtu atajuaje anachokitaka? Mimi napendekeza maswali matatu. La kwanza: katika siku yako nzima, ni shughuli gani unayoifanya vizuri hata kama hakuna anayekusimamia? Usitaje cheo, taja shughuli yenyewe: kuhesabu, kufundisha, kupanda miti, kupatanisha watu. La pili: mwajiri wako akiondoka kesho, utabaki na nini mikononi? La tatu: unataka kuishi wapi na nani, na uko tayari kukosa nini kwa ajili hiyo? Wengi hulisahau hili la tatu. Hupanga kazi kwanza, maisha yakavutwa nyuma kama tela, na siku moja mtu hugundua kuwa watoto wamekua yeye akiwa safarini.

Mwalimu Nyerere aliwahi kulazimika kuchagua. Mwaka 1955, akifundisha Pugu, alitakiwa achague ualimu au siasa. Aliacha darasa na mshahara wake, akabaki na TANU ambayo wakati huo ilikuwa changa. Hata hivyo jina la Mwalimu halikumtoka mpaka alipofariki mwaka 1999, kwani hata jukwaani alikuwa akifundisha. Alibadili mahali pa kufanyia kazi, lakini kile alichokipenda alikwenda nacho.

Simwambii mtu aache mkate wake. Mwenye watoto wa kusomesha hana budi kushika lililopo. Lakini na alishike akijua. Ajiwekee muda na kiasi: nitafanya kazi hii miaka miwili, nipate fedha za cherehani, au ada ya chuo, au ekari mbili za kahawa kule Kirushya. Na ambaye bado hajajua anachokipenda asikae akisubiri kifunuliwe ndotoni. Likizo moja akae na fundi, au mkulima, au muuguzi, amsaidie kazi na kumwangalia. Atarudi na jibu, hata kama jibu lenyewe ni "hii siiwezi." Nalo lina faida, maana limempunguzia njia moja ya kupotea.

Kwa hiyo, kijana, tangazo la kazi litakapobandikwa tena ubaoni, lisome mpaka mwisho. Ukishaona mshahara, rudi juu usome kazi yenyewe inavyoelezwa, maana hiyo ndiyo utakayoifanya kila siku kuanzia asubuhi.

Tukutane juma lijalo, panapo majaaliwa.