Mzazi, usimpe mtoto tunda lililong'atwa na popo

Mtoto akiokota embe lililong'atwa, wengi wetu hukata upande ulioharibika na kumpa uliobaki. Usifanye hivyo. Huenda aliyeling'ata usiku ni popo, na baadhi ya popo wala matunda hubeba virusi vya Marburg, ugonjwa ulioripotiwa mkoani Kagera mwaka 2023 na tena 2025. Virusi hivyo vimekutwa pia kwenye mate ya popo.

Kwa kuwa popo huruka gizani, si rahisi kujua anakokwenda. Ndiyo maana mwaka 2018 wanasayansi wa Marekani na wenzao wa Uganda waliwanasa popo wa pango la Python, katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, wakawabandika mgongoni vifaa vidogo vya GPS. Miaka kumi kabla, watalii wawili waliotembelea pango hilo kwa nyakati tofauti waliugua Marburg, na mmoja alifariki.

Kifaa hicho hurekodi mahali popo alipopita usiku. Kwa kawaida uzito wake hautakiwi kuzidi asilimia 5 ya uzito wa mnyama, asije akashindwa kuruka. Taarifa zake huonyesha miti anayokula na mapango anayolala, hivyo wataalamu wakajua ni wapi watu wanaweza kukutana naye.

Je, tuwaue popo? Hapana. Wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, Uganda, walipougua mwaka 2007, popo wa humo waliangamizwa. Baadaye wengine walihamia, na walipopimwa mwaka 2012, kiwango cha maambukizi kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile cha awali.

Kinga ni kukaa nao mbali. Tupa tunda lililong'atwa, osha na menya mengine. Wakataze watoto kuingia mapangoni au kushika popo, hata aliyekufa.

Dalili huanza siku 2 hadi 21 baada ya kuambukizwa: homa kali ya ghafla, kichwa na misuli kuuma, kisha kutapika na kuharisha. Mwanzoni hufanana na malaria, hivyo usinunue dawa dukani na kusubiri. Wahi kituo cha afya na umweleze mhudumu kama mgonjwa aliingia pangoni, mgodini au aligusa popo.